Mtumishi wa Wiki Moja

Kila mwaka, kibali cha Mholanzi Pak Wouter cha kuishi Java kilipokaribia kuisha, Warsiti aliacha kuwa mke akawa mtumishi. Alivua pete akaifukia kwenye kopo la mchele. Alikusanya nguo zake kutoka upande wake wa kabati, akazihamishia kwenye kichumba cha nyuma ya jiko, palipokuwa na kitanda cha chuma na magunia ya matufaha yaliyokataliwa sokoni. Alitandika kitanda kile, akatundika saruni kuukuu msumarini, akaweka kitana na sabuni dirishani, ili atakayechungulia aamini kwamba kweli mtu analala humo. Kisha wakangoja maofisa wa uhamiaji. Maofisa hawakuwa wakija. Wiki haikuisha, Warsiti alikuwa amesharudi chumba kikubwa na nguo zake begani, akicheka.

Sheria yenyewe haikuwa mbaya. Mzee wa kigeni anayetaka kumalizia uzee wake nchini alitakiwa awe na pensheni ya kwao, awe na nyumba ya kupanga, na ampe raia mmoja kazi za nyumbani. Mwaka wa kwanza Pak Jarot, yule anayewashughulikia wageni karatasi zao, alikaa kibarazani akauliza, "Mtumishi mnaye?" Pak Wouter akaguna. Pak Jarot akamtazama Warsiti aliyekuwa akimenya vitunguu, akasema, "Si huyu hapa? Anapika, anafua, anafagia. Tuandike huyu huyu." Wote watatu wakacheka mpaka Warsiti akafuta machozi, nusu ya vitunguu, nusu ya kicheko. Akatia sahihi.

Na ndoa ilikuwapo. Kyai Mahrus, shehe wa msikiti wa kitongoji, ndiye aliyewaozesha, mara tu baada ya Pak Wouter kusilimu. Tukiran, mdogo wake Warsiti, alisimama walii, majirani wawili wakashuhudia, mahari yakatolewa, watu wakala wakashiba. Mbele ya Mungu haikupungua kitu. Mbele ya serikali haikuwapo, kwa kuwa haikuandikishwa, na aliyekataa isiandikishwe ni Warsiti mwenyewe. Marehemu mumewe wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya serikali, na mjane wa mwalimu hupewa pensheni mpaka siku atakapoolewa tena. Binti yake, Ratri, alikuwa bado chuo cha uuguzi. "Akimaliza tutaandikisha," alisema Warsiti.

Ratri akamaliza, akapata kazi Surabaya, akazaa. Ndoa haikuandikishwa. Mwanzo sababu ilikuwa pensheni, kati ikawa uvivu, mwisho ikawa hofu, maana kwenda kuandikisha kulikuwa ni kujishtaki. Wewe si ndiye uliyetia sahihi mwaka baada ya mwaka kwamba ni mtumishi wake? Watu wa Java huziita hizi ndoa za siri, ingawa hakuna asiyezijua. Jirani yao Bu Kasmi, Bu ni mama kama Pak ni baba, alikuwa akisubiri msimu wa kibali kama wengine wanavyosubiri sikukuu.

"Bu War!" alikuwa akiita juu ya ua. "Naona umehama tena. Tajiri wako kakuongeza mshahara?"

"Hata nauli hanipi, bahili yule."

"Basi goma!"

"Nikigoma nani atampikia? Wewe?"

"Mie simtaki. Ananuka jibini."

Mwaka huu Bu Kasmi hakuita juu ya ua. Mvua za kwanza ziliponyesha, kiharusi kilimwangusha Pak Wouter bafuni. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuzwa kwa fimbo, na maneno yakamtawanyika. Kijiko alikiita kiatu. Mvua aliiita Jumanne. Alikuwa mhandisi wa madaraja maisha yake yote, mbishi wa kubishana hata na muuza pilipili, na sasa alikaa kibarazani na blanketi magotini, anatazama ukungu ukishuka juu ya mitufaha, anatafuta neno kama mtu anayepapasa miwani yake.

Warsiti alimfundisha upya. Kila jioni alimshikisha kitu mkono wa kushoto.

"Hiki nini, Pak?"

"Kiatu."

"Si kiatu. Kijiko. Sema kijiko."

"Kijiko."

"Ndiyo hivyo."

Naye hakubisha. Hilo ndilo lililomuuma Warsiti kuliko mkono uliokufa: yule mbishi hakubisha tena. Alilolisema Warsiti ndilo likawa. Akimwambia ni kikombe, ni kikombe. Akimwambia leo Ijumaa, ni Ijumaa. Neno moja tu halikuhitaji kufundishwa. Asubuhi alipofumbua macho alisema, "Bu," kama waume wote wa mtaa ule wanavyowaita wake zao, na Warsiti alikuja na mkate wake uliopakwa siagi na kumwagiwa chembe za chokoleti, chakula cha kitoto ambacho mzee huyu hakukiacha hata baada ya kujifunza kula pilipili.

Mtoto wa mzee, Jelle, alipiga simu kutoka Uholanzi, Ratri akatafsiri. Si mtoto mbaya, Jelle. Alisema ikiwa mwaka huu baba atanyimwa kibali, yeye ameshamwekea nafasi katika nyumba ya wazee, safi, yenye wauguzi. Warsiti alishukuru. Baada ya simu akakaa jikoni, akamwona mzee wake dirishani katika nchi ya baridi, anaita kijiko kiatu, na wauguzi wale wasafi wanapita wala hakuna wa kumwambia si hivyo. Isitoshe, Pak Wouter alishamwonyesha mahali, miaka ile akiwa na maneno yake yote: pale juu, upande wa makaburi unaotazama bonde. "Unizike pale," alisema, "na usiwakubalie wakuambie vingine." Warsiti aliahidi.

Pak Jarot alikuja uso umemsawijika. "Safari hii watakuja, Bu War. Mzee hawezi kwenda kupigwa picha, basi wataleta kamera nyumbani. Watatazama na vyumba."

"Na nikiwaambia ukweli?"

"Ukweli upi?"

"Kwamba mimi ni mkewe."

"Watakuomba cheti. Unacho?"

Warsiti akaizungusha pete kidoleni.

"Basi si mke. Na kama si mtumishi pia, karatasi zote tulizowapa ni uongo. Mzee atapandishwa ndege kwa kiti cha magurudumu, wewe utatapika pensheni ya mwalimu tangu siku ya nikahi, na mimi nitakwenda kula wali wa jela. Nakuomba, Bu. Mimina chai, simama mlangoni, nyamaza."

Warsiti akaifukia pete. Akahama.

Ofisa aliyekuja, Bu Retna, alikuwa mwanamke mpole, wala hakuwa na haraka ya kumtia mtu makosani. Alikuja na kijana wa kamera, aliyetundika kitambaa chekundu ukutani nyuma ya kiti cha Pak Wouter. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Pak Jarot alikaa pembeni akikausha jasho katika baridi ile. Warsiti alileta chai ameinama, kitambaa cha jikoni kichwani, akarudi mlangoni.

"Mbak, uko hapa siku nyingi?" aliuliza Bu Retna. Mbak, dada, ndivyo watu wanavyomwita muuza duka au mtumishi. Warsiti alikuwa amemzidi umri.

"Siku nyingi, Bu."

"Unalala hapa hapa?"

"Nyuma ya jiko, Bu."

Bu Retna akaenda kutazama. Akaona kitanda, saruni, kitana. Akafungua chumba kikubwa, akaona kabati lenye mashati ya mwanamume upande mmoja, na upande wa pili henga tupu. Akaandika. Aliporudi alikuwa akitabasamu, na Warsiti akaanza kupumua.

"Pak Wouter," alisema Bu Retna, akiinama ili mzee amwone vizuri, "unajua uko wapi?"

"Nyumbani," alisema Pak Wouter.

Hata kijana wa kamera alifurahi. Bu Retna akaendelea, kwa wema tu, kama mtu anavyomchangamsha mgonjwa. "Vizuri sana! Na yule pale mlangoni ni nani?"

Pak Wouter akageuza kichwa. Akamtafuta chini ya kile kitambaa, akampata, na uso wake wote ukakunjuka.

"Mke wangu," alisema.

Maneno mawili, yamenyooka, hayana hata kigugumizi. Tangu kiharusi Warsiti alikuwa akimwomba Mungu amjalie mzee huyu kusema sentensi moja nzima. Mungu akajibu siku hiyo, mbele ya serikali. Pak Jarot alikohoa, chai ikamwagika mapajani. Kalamu ya Bu Retna ikasimama.

"Mke?"

Warsiti alitoka mlangoni, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti. Alitaka kuulaza uso wake juu ya yale mapaja. Badala yake alisema, kwa sauti ile ile ya kijiko na kiatu, "Si mke, Pak. Mbak. Mbak War. Sema Mbak War."

Mzee akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alibisha. "Mke," alisema.

"Mkeo alishafariki, Pak." Akamgeukia ofisa bila kumtazama machoni. "Mkewe wa kwao, Bu. Alifariki kabla hajaja huku. Tangu augue anachanganya. Juzi mvua kaiita Jumanne."

"Masikini," alisema Bu Retna.

"Sema, Pak. Mbak War."

Pak Wouter alikuwa akimwangalia mdomo, kama kila jioni. Ukaidi ukamwishia taratibu. Midomo ikajaribu, ikashindwa, ikajaribu tena. "Mbak War," alisema. Kisha, peke yake, bila kuambiwa arudie, "Mke amekufa."

"Ndiyo hivyo," alisema Warsiti. Lilimtoka kwa mazoea, na angeweza kung'oa ulimi wake palepale.

Machozi yakamshuka mzee, hayana sauti. Kijana wa kamera akangoja kidogo kwa adabu, akaona hayakomi, akapiga picha hivyo hivyo.

Walipokwisha kuondoka Warsiti alikimbilia kopo la mchele, akaitoa pete ikiwa na vumbi lake jeupe, akaivaa mbele ya mzee. "Pak, ilikuwa mchezo wa kibali tu. Unakumbuka mchezo wetu? Ni mimi. Mkeo."

Pak Wouter akaitazama pete kwa upole wa mgeni. "Hapana, Mbak," alisema. "Umeniambia mwenyewe."

Warsiti alirudisha nguo zake kabatini. Kesho yake akazikuta zimewekwa juu ya kitanda cha chuma, zimekunjwa ovyo, kazi ya mkono mmoja. Mzee aliziona ni za mtumishi. Siku ile ya maofisa, nguo zikiwa bado hazijarudi, alikuwa ameshafungua kabati, akaona upande wa mkewe mtupu, na katika mtaa ule kila mtu anajua nguo zikitolewa kabatini zikagawiwa maana yake ni nini. Warsiti akajaribu kumfundisha kama zamani. "Hii nini? Pete. Ya nani? Ya Warsiti. Warsiti ni nani? Mimi." Mzee alirudia pete, akarudia Warsiti, na kila alipofika kwenye jina hilo alilia, hata Warsiti akaona anamtesa, akaacha. Nisiwafiche, kuna usiku alimchukia: alimchukia kwa kumwamini hivyo.

Asubuhi hakuita tena "Bu." Mkate wenye chembe za chokoleti ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Uji aliutema. Akakonda, akawa anakaa kibarazani na kofia ya msikitini kichwani, anaangalia lango. Kisha siku moja akatoweka. Bu Kasmi ndiye aliyemwona, ameburuza mguu na fimbo yake mpaka kwa Kyai Mahrus, mteremko wote ule.

Kyai alimrudisha mwenyewe kwa pikipiki ya mwanawe. Alimkalisha, akaenda kusimama mlango wa jikoni.

"War," alisema, "unajua kafuata nini? Anasema mkewe hajasomewa hitima. Anasema majirani wote wakifa husomewa, kwa nini wake asisomewe? Ananilaumu."

Warsiti alikuwa akigeuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye mafuta. Hakugeuka.

"Nimewaozesha mimi. Nitamsomeaje hitima mtu anayenikaangia tempe?"

"Someni, Kyai."

"War!"

"Hali chakula, halali usiku. Anangoja mtu wa kumpa rambirambi, na hakuna anayekuja. Amezoea huku, anajua maiti wetu husomewa. Labda akiisha kunizika atakula."

Kyai akayatazama mafuta yakichemka. "Niliwaambia muandikishe," alisema.

"Uliniambia."

"Nilikuambia, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Uliniambia, Kyai. Na kilio chenyewe ndicho hiki. Nipangie siku."

Kyai aliwaza, akasema kumwombea rehema aliye hai si haramu, hata yeye huombewa. Akapanga Alhamisi baada ya magharibi. Alitoka bila kugusa tempe.

Siku hiyo wanawake wa mtaa walikuja mchana kama ilivyo kawaida, kila mmoja na kisu chake na mbuzi ya kukunia nazi. Hawakujua wamwambie nini mwenye msiba, maana ndiye aliyekuwa akiwagawia kazi. Wakapika wali wa kunata, wakaoka apem, vile vikate vya mchele vya kuombea wafu. Bu Kasmi alikuna nazi, akilia kimya kimya. "Umezidi," Warsiti alimwambia. "Mimi mwenyewe silii."

"Ndiyo maana nakulilia," alisema Bu Kasmi.

Hapo ndipo Pak Jarot alipotokea, na bahasha mkononi, anapiga mluzi tangu langoni. "Kimetoka! Bu War, mwaka mzima! Hata swali hawakuuliza!" Akaona nazi, akaona masufuria, akaona viatu vingi. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mke wa Pak Wouter," alisema Bu Kasmi.

Pak Jarot akacheka, akijua utani wa Bu Kasmi. Alicheka peke yake. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akamwona mzee kibarazani amevaa saruni safi na ile kofia, anapokea wageni kwa mkono wa kushoto. Alimpa Warsiti bahasha. Ndani mlikuwa na kibali, na kwenye kibali picha, kitambaa chekundu nyuma, na mzee mwenye shati jeupe na mashavu yaliyolowa.

Baada ya magharibi wanaume wakajaa sebuleni, wameketi kwenye majamvi. Wanawake walibaki jikoni, pazia katikati. Kyai akaanza. Sauti zikapanda pamoja, la ilaha illallah, kwa mwendo ule unaomtikisa mtu mabega, na Warsiti akajikuta anaitikia kama anavyoitikia misiba yote. Walipofika kwenye dua, Kyai alisita.

"Tumwombee nani, Pak?" aliuliza, ingawa alijua. Pengine alikuwa akimpa nafasi ya mwisho.

"Warsiti," alisema Pak Wouter.

Jikoni hakuna aliyenyanyua kichwa. Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alikuwa ameliona katika kila mazishi ya mtaa ule, imamu anapowageukia watu kabla jeneza halijaondoka. Akajiegemeza kwenye fimbo, akainuka nusu, akawauliza wale wanaume waliokula harusi yake, "Alikuwa mtu mwema?"

Wanaume wakatazama majamvi. Tukiran, mdogo wake Warsiti, aliyekuwa walii, akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. Kyai ndiye aliyejibu kwanza.

"Mwema," alisema.

"Mwema," wakasema wote.

"Amina," akasema mzee, akaketi, na ikaonekana wazi mzigo umemtoka. Akaita kuelekea pazia, kwa adabu yake yote, "Mbak, chai kwa wageni."

Warsiti akapeleka chai. Alimpitia kila mmoja, ameinama, na kila mmoja alipokea kikombe bila kumtazama. Tukiran akakiweka chake chini. Mzee alikula wali wa kunata, akala apem, akaomba nyingine.

Watu walipokwisha kutawanyika mzee alimkuta Warsiti akikusanya vikombe. Alikaa akimwangalia. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku zote tangu mvua zianze, na maneno yalikuja pole pole, moja moja, lakini yalikuja.

"Mbak War. Una mume?"

Warsiti alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Ninaye, Pak."

"Yuko mzima?"

"Mzima."

"Basi acha vikombe," alisema Pak Wouter. "Nenda nyumbani kwake. Usimwache peke yake jioni. Watu hufa, Mbak, hata kuaga hawaagi."

"Ndiyo, Pak."

Alimngoja atoke. Warsiti akavaa ndara, akafungua mlango wa mbele, akashuka ngazi. Nyuma yake akamsikia mzee akikomea, kwa shida, kwa mkono mmoja. Akazunguka nyumba katika ukungu, akipapasa ukuta, akaingia kwa mlango wa jikoni mpaka kwenye kile kichumba, akakaa juu ya kitanda cha chuma kati ya magunia ya matufaha, akimsikiliza mumewe upande wa pili wa ukuta akihangaika kuvua shati.